Gari Limegoma Kuwaka: Fundi Anajibu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: gari haliwaki, nibadilishe nini? Swali hilo halijibiki mpaka aliyekaa kwenye usukani aseme alisikia nini alipozungusha ufunguo. Kimya ni ugonjwa mmoja, mlio wa ta-ta-ta ni mwingine, na injini inayozunguka bila kushika moto ni wa tatu. Vifaa vya kufuatia majibu haya ni vichache: mita ya volti ya kidijitali, spana mbili tatu, spana ya plagi, na mtu wa kukupigia stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake, huku wewe ukipima.

Fundi, salamu. Betri yangu haina hata miezi miwili. Asubuhi nikizungusha ufunguo nasikia ta-ta-ta-ta na taa za dashibodi zinafifia. Aliyeliangalia anasema stata imekufa. Ninunue?

Usinunue kwanza. Mlio wa haraka haraka unasema umeme hautoshi. Ndani ya solenoidi, swichi ya umeme iliyo kwenye stata, mna koili ya waya inayovuta kipande cha chuma ili kiunganishe umeme mzito wa betri na mota. Kikiunganisha tu, mota inadai ampea mia moja hadi mia mbili, hapo ni injini ndogo ya petroli. Betri dhaifu inaporomoka volti, koili inaishiwa nguvu, chuma kinaachia. Mzigo ukitoka, volti zinapanda, kinavutwa tena. Jambo hilo hujirudia mara nyingi kwa sekunde, na ndio mlio unaousikia. Stata mbovu kwa kawaida hutoa mlio mmoja mzito kisha kimya, huku taa zikibaki na mwanga wake.

Pima betri gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikifika 12.0 imebaki robo hivi. Ukipima mara tu baada ya safari, mita itakudanganya, maana chaji ya juu juu haijatulia. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika tano, ndipo upime. Kisha mwenzako apige stata wewe ukiangalia mita. Zikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, betri hiyo haina nguvu hata kama ni mpya.

Weka ncha za mita kwenye nguzo zenyewe za betri, zile za risasi, wala si kwenye vibano vya waya. Wengi hupotea hapa. Nguzo inaweza kuwa na volti 12 na kibano kilichoikumbatia kikawa na 7, kwa sababu ya kutu ya unga mweupe au wa kijani katikati yao. Ili kukamata hasara ya waya, gusa nguzo ya chanya kwa ncha nyekundu, na boliti nene ya stata kwa ncha nyeusi, kisha stata ipigwe. Mita isome chini ya 0.5. Upande wa hasi, ncha moja iwe kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Hapo isizidi 0.2. Ukiona volti moja nzima imepotea njiani, umempata mhalifu, na dawa yake ni brashi ya waya na kukaza, au waya mpya wa ethi kati ya injini na bodi. Kutu huondoka kwa maji ya moto yaliyokorogwa na magadi, mradi yasiingie ndani ya betri. Unapofungua, anza na waya wa hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya haitapiga shoti.

Ukishaliwasha, pima tena injini ikiunguruma. Kwa magari mengi volti ziwe kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki 12 na kitu, altaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji, na betri mpya itakufa kama ile ya zamani. Chaji ikiwa nzuri lakini asubuhi betri imeishiwa, kuna kitu kinanyonya usiku. Weka mita upande wa ampea, ikae katikati ya nguzo ya hasi na waya wake. Funga milango, subiri dakika 20 hadi 40 kompyuta za gari zilale, usiwashe chochote kikubwa wala usiguse ufunguo, la sivyo utaunguza fyuzi ya mita. Mvuto wa kawaida hauzidi miliampea 50. Ukiona nusu ampea, piga hesabu: hiyo ni ampea-saa (Ah) 12 kwa siku, na betri ya Ah 60 inafika nusu kwa siku mbili na nusu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Redio iliyofungwa na mtu wa mtaani, kengele ya wizi na taa ya buti ndio watuhumiwa wangu wa kwanza.

Stata utaifikiria pale tu betri na waya vimepita vipimo vyote. Kuna ile mbinu ya kuigonga taratibu kwa mpini wa nyundo: ikizunguka baada ya kugongwa, makaa yake ya kupitisha umeme yamekwisha au vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimelika. Hilo hukufikisha nyumbani, haliponyi. Vipande hivyo vya shaba hubadilishwa peke yake kwenye stata nyingi, kwa hiyo muulize fundi umeme kabla ya kununua stata nzima.

Gari la gia otomatiki, taa zote kali, redio inalia, lakini nikizungusha ufunguo ni kimya kabisa. Hata mlio mmoja hakuna.

Kanyaga breki, peleka gia kwenye N, jaribu tena. Ikiwaka, swichi ya usalama ya gia imechakaa au imehama mahali pake. Hiyo ndiyo inayozuia stata gari likiwa kwenye D au R. Gari la gia za mkono nalo lina swichi ndogo juu ya pedeli ya klachi, na mpira wake ukianguka stata haisikii amri.

Halafu washa taa kubwa ukipiga stata. Zisipobadilika kabisa, umeme haujaitwa: angalia fyuzi, rilei ya stata (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), swichi ya ufunguo. Rilei ijaribu kwa kuibadilisha na nyingine ya namba ileile iliyo kwenye sanduku lilelile la fyuzi, mfano ya honi. Kama rilei inabofya, nenda chini kwenye stata, pima ule waya mwembamba wa solenoidi huku mwenzako akishikilia ufunguo. Ukisoma karibu na volti za betri na stata kimya, stata ni mbovu. Ukisoma sifuri, tatizo liko juu yake, na stata mpya isingekusaidia lolote.

Tazama pia taa ya picha ya ufunguo au kufuli kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka, imobilaiza, kifaa cha kuzuia wizi, haijautambua ufunguo wako. Jaribu wa akiba. Wenye magari ya kitufe: betri ndogo ya rimoti ikiisha, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, au pale kitabu cha gari kinapoonyesha, kisha bonyeza. Chipu iliyo ndani haihitaji betri.

Injini inazunguka vizuri kwa stata lakini haishiki moto. Ni petroli. Nimebadilisha plagi zote nne na filta, hali ni ileile. Sasa nabadilisha nini?

Hubadilishi kitu tena mpaka ujue kinachokosekana. Injini ya petroli inataka mafuta, moto wa plagi, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na vyote vije kwa wakati wake. Anza na jambo linalotia aibu: mafuta yenyewe. Boya la geji hukwama, na sindano ikaonyesha robo ilhali tenki ni kavu. Lita tano za petroli ni kipimo cha haraka kuliko vyote.

Fungua ufunguo hadi ON bila kupiga stata, sikiliza nyuma karibu na tenki. Pampu iungurume kama sekunde mbili kisha inyamaze. Ikiwa kimya, angalia fyuzi yake, rilei yake, na kwa baadhi ya magari swichi ya kukata mafuta inayojifyatua gari likigongwa au likidunda shimo kubwa. Ina kitufe cha kubonyeza kuirudisha. Pampu kuunguruma si ushahidi kwamba inasukuma, lakini. Injini nyingi zenye nozeli (vipulizia mafuta) kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa, zinataka bar 3 hadi 4, na namba hiyo hupatikana kwa geji ya presha, sio kwa masikio. Zile zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina upande wa presha kubwa sana. Huko usifungue mrija wowote kwa kubahatisha.

Kama huna geji, plagi zitakusimulia. Piga stata sekunde kumi, toa plagi moja. Kavu kabisa, haina harufu: mafuta hayafiki. Imelowa na inanuka petroli: mafuta yapo, moto haupo, au injini imelewa mafuta.

Moto upime kwa kipimio cha cheche. Ukitumia plagi ya kawaida, ikamate kwa waya kwenye chuma cha injini, isishikwe kwa mkono. Toa fyuzi ya pampu kwanza, maana mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu la plagi hauna urafiki na cheche. Hapa kuna jambo ambalo lingewaokoa wengi gharama: koili nne zinazozipa plagi moto hazifi siku moja. Silinda moja ikikosa moto, lawama ni ya koili au plagi yake. Zote zikikosa kwa pamoja, tafuta kile kinachozitawala zote: fyuzi ya injini, rilei kuu, au sensa ya kranki, mhimili mkuu wa injini.

Sensa hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Isiposema kitu, kompyuta haitoi moto wala haifungui nozeli, hata ukipiga stata mpaka betri iishe. Kwenye magari mengi utaona ishara bila kufungua boneti: sindano ya mizunguko ikae sifuri huku stata inazungusha. Mashine ya kusomea kompyuta ni hakika zaidi. Mizunguko ionekane kama 150 hadi 250 kwa dakika, na ikisoma 0 anza na sensa, kiunganishi cha waya wake, na nyaya zinazopita karibu na ekzosi. Msimbo P0335 unaelekeza kwenye saketi ya sensa hiyo. Saketi maana yake na waya pia, kwa hiyo usikimbilie kununua.

Kimebaki kimoja ambacho ningependa ukichunguze kabla ya kupiga stata tena. Injini yenye mgandamizo huzunguka kwa mdundo, nzito-nyepesi, nzito-nyepesi. Ikiwa sasa inazunguka haraka, laini, bila mdundo, kama feni, mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemshafti (mhimili unaofungua valvu), huenda umekatika au umeruka meno. Fungua kifuniko cha kujazia oili, chungulia ndani, mwenzako apige stata kidogo sana. Kemshafti isipozunguka, acha hapo hapo. Katika injini nyingi pistoni na valvu hutumia nafasi moja kwa zamu, na kila mzunguko unaoongeza unaweza kupinda valvu nyingine. Watengenezaji hupanga mkanda ubadilishwe kwa umbali tofauti, wengi kati ya kilomita 60,000 na 160,000, na miaka nayo inahesabiwa hata kama gari halikutembea.

Kemshafti ikizunguka na bado una shaka, pima mgandamizo. Toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi chini, zungusha mara tano sita kwa kila silinda. Injini ya petroli yenye afya husoma takriban bar 10 hadi 14, na silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10 hadi 15 hivi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, ishuku gasketi ya silinda hedi.

Nililisogeza gari mita chache tu kupisha njia, nikazima. Sasa linazunguka haliwaki na linanuka petroli kali.

Limelewa. Injini baridi humwagiwa petroli nyingi, na ukiizima kabla haijapata joto petroli hiyo inabaki imelowesha plagi. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi sakafuni, ishikilie hapo, piga stata sekunde kumi. Kompyuta za magari mengi ya nozeli huielewa ishara hiyo na kufunga mafuta wakati wa kuzungusha, hewa ikipita peke yake kukausha. Ikianza kukohoa, achia pedeli taratibu. Ikikataa mara tatu, toa plagi, zikaushe, acha matundu wazi robo saa. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipe angalau nusu dakika ipoe.

Gari langu likipata joto hujizima lenyewe, halafu linakataa kuwaka mpaka lipoe kama nusu saa. Likipoa, kana kwamba hakukuwa na kitu.

Lipime likiwa limekataa, kwani likipoa ushahidi wote umefutika. Pale pale barabarani, ukishaegesha mahali salama, angalia sindano ya mizunguko ukipiga stata, na angalia moto wa plagi. Hakuna mizunguko na hakuna moto: sensa ya kranki inayokatika kwa joto ndiyo hadithi ya kila siku. Waya mwembamba ndani yake hutanuka na kuachana. Ukipoa hukutana tena. Ukiweza kuifikia, imwagie maji kidogo ya kawaida juu ya sensa peke yake, mbali na ekzosi ya moto. Gari likiwaka dakika hiyo hiyo, sina swali la ziada.

Moto ukiwepo, fuata pampu. Pampu iliyochoka hunyamaza ikipata joto, hasa tenki likiwa karibu tupu, maana petroli ndiyo inayoipoza.

Nitofautishe hapa na kesi nyingine inayofanana. Gari halijizimi, ila ukilizima mwenyewe likiwa la moto na kurudi baada ya dakika ishirini, linazungushwa muda mrefu ndipo liwake. Fungua ufunguo ON sekunde tatu, funga, rudia mara tatu, kisha piga stata. Likiwaka mara moja, presha ya mafuta inavuja injini ikilala: valvu ndani ya pampu haizuii, au nozeli inadondosha.

Dizeli iliniishia njiani. Nimejaza lita ishirini na kuweka filta mpya, haiwaki. Betri inakaribia kufa.

Acha stata, tazama ekzosi. Dizeli inayozungushwa bila moshi wowote haipati mafuta. Ikitoa moshi mweupe, mafuta yanafika ila hayawaki. Yako bila shaka ni ya kwanza: imevuta upepo.

Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, pampu kwa mkono kwenye kile kitufe cha mpira au cha chuma mpaka dizeli itoke bila povu, kaza, endelea kupampu hadi kitufe kiwe kigumu. Kwenye injini ya zamani yenye pampu ya kimekanika, legeza nati za nozeli mbili nusu mzunguko, piga stata mpaka dizeli iruke, zikaze. Kwenye dizeli ya kisasa ya komoni reli, ambamo mrija mmoja wa presha kubwa hulisha nozeli zote, usifanye hivyo kamwe. Presha yake inafika zaidi ya bar 1,000 ikifanya kazi, na mchirizi wake mwembamba hupenya ngozi. Jeraha linaonekana dogo kama tundu la sindano na linahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Huko unatoa upepo upande wa presha ndogo tu, kisha unapiga stata kwa vipande vya sekunde kumi na kupumzika dakika moja. Reli inahitaji takriban bar 200 ndipo kompyuta iruhusu nozeli, na betri iliyochoka haizungushi kwa kasi ya kuzifikisha. Ichaji kwanza.

Ukitoa upepo ukarudi, chunguza raba ya filta mpya. Ikikaa vibaya huvuta hewa bila kudondosha tone. Kipande cha mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, baada ya filta, kitakuonyesha mapovu.

Moshi mweupe ukiwepo na asubuhi ni ya baridi, zipime plagi za joto, zile zinazopasha silinda kabla ya kuwasha: chomoa waya, pima ohm kutoka ncha hadi chuma cha injini. Nzima husoma ndogo sana, chini ya 2. Iliyokatika haisomi kitu. Na wale wanaopulizia etha kwenye hewa ya dizeli yenye plagi za joto, waache. Inalipuka ndani ya manifoldi.

Nilipita kwenye maji, injini ikazima. Stata inagonga kishindo kimoja na kusimama.

Usirudie hata mara moja. Maji yameingia silinda, na maji hayagandamiziki. Stata, au injini ikiwaka ghafla, itapinda mkono wa pistoni. Fungua sanduku la filta ya hewa: filta ikiwa imelowa, toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono kupitia boliti ya puli ya kranki, ndipo utumie stata kufukuza maji. Simama mbali na matundu. Kagua oili, ikiwa na rangi ya maziwa, imwage kabla ya kuwasha.

Nikibustiwa betri, ule waya mweusi wa mwisho uende wapi?

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kisafi cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Kiungo cha mwisho ndicho kinachorusha cheche, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Acha gari linalosaidia liungurume dakika tano kabla ya kupiga stata. Mkishawasha, ondoa kwa mpangilio wa kinyume, na usichomoe waya wa betri injini ikiwa hai eti kupima kama altaneta inachaji: volti hupaa ghafla na kuunguza kompyuta. Mita yako tayari inajua kusoma 14.